"Ile Ndogo ya Butere, Uliiona?"

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Leo sikuwaletea hadithi ya sungura wala shairi la mapenzi. Nimewaletea habari za vyuma, moto na maji. Msifunge gazeti kwanza. Nivumilieni, maana habari hizi zinamhusu kila mtu ambaye nyumbani kwao aliwahi kuwapo mzee wa reli.

Mwaka jana chama chetu kilifunga safari hadi Nairobi kutazama Makumbusho ya Reli, ambayo yamekuwapo tangu 1971. Mnajua wenyewe mambo ya safari za shule. Basi liliposimama tu, sote tulishuka mbio na kulikimbilia dude moja kubwa ajabu. Ni injini ya mvuke namba 5930, nayo huitwa Mount Shengena, jina la mlima ulioko Upare, Tanzania. Wengine walipanda ngazi zake, wengine wakakumbatia magurudumu, na mwalimu akatupiga picha. Kando yake kulikuwa na injini nyingine zilizo ndogo. Nani angejali? Tulizipita tu.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa babu yangu karibu na Luanda, magharibi mwa Kenya. Babu alianza kazi ya kuchochea moto wa injini za mvuke mwaka wa 1966. Siku hizi masikio yake ni mazito kwa sababu ya zile kelele. Ukitaka kuongea naye, sharti ukae upande wake wa kulia na upaaze sauti. Nikampa ile picha kwa majivuno. Akaisogeza karibu na macho, akatabasamu, kisha akanirudishia.

"Hilo Garratt nalijua," akasema. "Na ile ndogo ya Butere, uliiona?"

Nilibaki mdomo wazi. Sikuwa nimeangalia. Makala haya ni jibu langu kwa babu, ingawa limechelewa.

RELI NYEMBAMBA NI NINI?

Reli hupimwa kwa nafasi iliyopo kati ya chuma cha kushoto na cha kulia. Reli ya kisasa iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017 ina upana wa milimita 1,435. Ile ya zamani, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi mwaka wa 1899 na Ziwa Victoria mnamo Desemba 1901, ina upana wa mita moja kamili. Ndiyo maana huitwa reli nyembamba.

Kwa nini mita moja? Jibu liko ng'ambo ya bahari. India ilikuwa tayari na reli nyingi za mita moja, na kutoka huko Waingereza waliweza kupata mafundi, vibarua na hata injini kuukuu. Isitoshe, reli nyembamba hupinda kwa urahisi milimani na gharama yake ni ndogo. Lakini kizuri hakikosi kasoro. Njia ikiwa nyembamba, injini nayo hubanwa, na tanuri lake pia. Tanuri dogo maana yake ni mvuke kidogo. Sasa ongeza milima yetu! Treni hutoka usawa wa bahari ikapanda hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600. Kwenye njia ya kwenda Eldoret huvuka Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700. Kwa hiyo historia ya injini zetu ni historia ya swali moja: tutapataje nguvu nyingi juu ya njia nyembamba?

MVUKE HUFANYAJE KAZI?

Kabla hatujaendelea, hebu tuifungue injini tuone ndani. Nyuma, karibu na dereva, kuna tanuri la moto. Mbele ya tanuri kuna boila, yaani pipa refu la chuma lililojaa maji. Ndani ya pipa hilo mnapita mirija mingi. Moto na moshi wake hupita ndani ya mirija hiyo, nayo maji yaliyoizunguka huchemka. Mvuke hukusanyika juu. Kwa kuwa hauna pa kutokea, hujisonga hadi ukawa na nguvu za kutisha.

Dereva akifungua vali, mvuke hukimbilia kwenye silinda zilizoko pembeni mwa magurudumu. Humo kuna pistoni. Mvuke huisukuma mbele, kisha huirudisha nyuma, na fimbo za chuma huyazungusha magurudumu. Mvuke uliochoka hutoka kupitia bomba la moshi, puu! puu! puu! Nilidhani sauti hiyo ni kelele tu. Kumbe ule mpumuo ndio unaovuta hewa ipite kwenye moto. Injini ikifanya kazi ngumu, hupumua kwa nguvu, na moto nao huwaka zaidi. Tuseme inajipulizia moto yenyewe.

WATANGULIZI WALIOSAHAULIKA

Injini za kwanza kabisa zilikuwa kuukuu kutoka India. Halafu, njia ilipokuwa ikisonga bara, viwanda vya Uingereza vilizidiwa na kazi baada ya mgogoro mkubwa wa wafanyakazi wa mitambo wa 1897 na 1898. Basi reli ikaagiza zaidi ya injini 30 kutoka kiwanda cha Baldwin, Philadelphia, Marekani. Naam, wasomaji, sehemu ya reli ya Waingereza ilitegemea injini za Wamarekani!

Mizigo ilipoongezeka, ukaja mtindo wa Mallet, uliopewa jina la mhandisi Anatole Mallet. Boila moja liliwekwa juu ya makundi mawili ya magurudumu, na kundi la mbele liliweza kugeuka kwenye kona. Mvuke ulitumiwa mara mbili, kwanza katika silinda za nyuma, kisha katika zile kubwa za mbele. Injini 18 za aina hiyo ziliundwa Glasgow miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kupamba moto. Karatasini zilikuwa hodari. Njiani zilikuwa za polepole na zenye kutaka matengenezo mengi. Zilipokuja injini mpya za miaka ya 1920, zikaanza kuondolewa moja moja. Leo ni nani anayezitaja?

ILE NDOGO YA BUTERE

Sasa tumfikie mwenyewe. Kati ya 1923 na 1930 viwanda vitatu vya Uingereza, yaani Vulcan Foundry, North British na Nasmyth Wilson, viliunda injini 62 za aina moja. Hapo mwanzo ziliitwa EB3. Mwaka wa 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika, na baadaye injini zikapewa namba mpya. Tarakimu mbili za kwanza ni aina, na mbili za mwisho ni namba ya injini yenyewe katika aina hiyo. EB3 zikawa aina ya 24. Kwa hiyo ukiona 2401, ujue ni ya kwanza ya aina ya 24. Na lile dude letu, 5930, ni la thelathini la aina ya 59. Rahisi, sivyo?

Aina ya 24 ina magurudumu manne madogo mbele ya kuiongoza kwenye kona, kisha magurudumu manane ya kuvuta. Nyuma yake hufuata tenda, yaani behewa la maji na mafuta. Hakuna cha ajabu hapo. Siri yake ni wepesi. Ekseli ni ule mtaimbo unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na kila ekseli hubebesha reli mzigo wake. Ekseli ya aina ya 59 hubebesha tani 21. Ya aina ya 24 ni takriban tani 10 tu.

Hapo ndipo mambo yalipo. Dude la 59 lina tani 252, na hakuna injini ya mvuke iliyokuwa na nguvu kama yake kwenye reli yoyote ya mita moja duniani. Liliweza kuvuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi. Lakini lingepelekwa kwenye njia ndogo zenye reli nyepesi, lingeziharibu reli na madaraja. Njia hizo, kama ile ya Gilgil hadi Nyahururu na ile ya Kisumu hadi Butere, zilihitaji injini yenye mguu mwepesi. Mwenye nguvu asipoweza kufika kwako, nguvu zake zinakufaa nini?

Njia ya Butere ina urefu wa takriban kilomita 69, na ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Huanzia Kisumu kando ya ziwa, ikapanda hadi Maseno karibu na mstari wa ikweta, ikapita Luanda na Yala, ikaishia Butere. Babu anasema treni yao ilikuwa mchanganyiko. Mabehewa ya abiria yalifungwa pamoja na ya mizigo. Asubuhi walibeba samaki, chumvi na mabati. Wakirudi walibeba mahindi, ndizi, kuku na wanafunzi wenye masanduku ya chuma. Mama mmoja akichelewa, dereva aliweza kumngojea, kwa sababu alimjua.

GLASI HUSEMA UONGO

Nilimuuliza babu kazi yake ilikuwa nini hasa. Nilidhani atasema kutupa kuni. Akacheka. Kuni na makaa yalikuwa mambo ya zamani. Yeye alikuta injini zinachoma mafuta mazito meusi. Kazi yake ilikuwa kuyafungulia kwa kipimo. Yakizidi, moshi mweusi hujaa na masizi huziba mirija. Yakipungua, mvuke hufifia mlimani. Mirija ikianza kuziba alichota mchanga kwa koleo akautupa tanurini huku injini ikivuta kwa nguvu. Mchanga ulifyonzwa ndani ya mirija ukaisugua, na wingu jeusi likatoka juu. "Siku hiyo usianike nguo karibu na reli," akasema.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa maji. Juu ya tanuri kuna bamba la chuma, na juu ya bamba hilo lazima maji yawepo wakati wote. Maji ndiyo yanayolipoza. Yakishuka chini ya bamba, chuma hulainika kwa joto, na boila linaweza kupasuka na kuwaua wote walioko mbele ya tanuri. Ndiyo maana mbele ya mchochea moto kuna glasi ndefu nyembamba inayoonyesha kimo cha maji.

"Sasa sikiza," babu akasema, akachukua chupa ya maji nusu, akailaza, kisha akaiinamisha. "Treni ikipanda, maji huenda wapi?"

"Hurudi nyuma," nikajibu.

"Na glasi iko wapi?"

"Nyuma."

"Basi itakuambia nini?"

Nikaelewa. Wakati wa kupanda, glasi huonyesha maji mengi kuliko yaliyomo. Treni ikifika kileleni na kuanza kuteremka, maji hukimbilia mbele, na lile bamba linaweza kubaki wazi. Glasi haikuvunjika wala haikuharibika. Inasema uongo kwa sababu mahali imebadilika.

Babu alilijua hilo kwa njia ngumu. Alikuwa na miezi michache kazini. Walikuwa wakipanda kuelekea Maseno, mvua inanyesha, na magurudumu yanateleza. Bomba la kumwaga mchanga kwenye reli lilikuwa limeziba kwa unyevu, basi ikambidi ashuke, atembee mbele ya injini akinyunyiza mchanga kwa mkono. Aliporudi alikuwa ameloa chepechepe. Akaitazama glasi, akaona maji yanatosha, akaketi kupumua. Dereva wake, mzee aliyekuwa na miaka mingi njiani, hakumwambia neno. Alinyoosha mkono wake mwenyewe akafungua kile kifaa kinachosukuma maji ndani ya boila, akakiacha wazi. Walipovuka kilele, babu aliona maji katika glasi yakishuka, yakishuka, hadi yakabaki kama kidole kimoja.

"Yale ya kidole kimoja ndiyo aliyoyaongeza mzee," babu akasema. "Asingeyaongeza, wewe usingezaliwa."

Mimi nilinyamaza. Katika shule yetu tunafundishwa kusoma vipimo. Hatujafundishwa kwamba kipimo kinaweza kuwa kizima na bado kikakudanganya. Babu hakuyapata hayo kitabuni. Aliyapata kwa mzee aliyemtangulia, naye yule mzee bila shaka aliyapata kwa mwingine.

MAJINA KWENYE VYUMA

Baada ya aina ya 24 zilikuja ndugu zake wakubwa kidogo. Kati ya 1951 na 1955 kiwanda cha North British kiliunda injini 31 za aina ya 29, kwa kufuata mfano uliokuwa umetengenezwa kwa ajili ya Nijeria. Injini hizi zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Moja iko kwenye makumbusho, namba 2921, jina lake Masai of Kenya. Nadhani waliongeza "of Kenya" kwa sababu Wamaasai wako pia Tanzania. Aina za 30 na 31 nazo zikapewa majina ya makabila. Namba 3020 inaitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida, Tanzania. Aina ya 60 zilipewa majina ya magavana, na aina ya 59 zikachukua milima.

Nilipomsomea babu orodha hiyo alitikisa kichwa. Makabila yana vyuma vyao, magavana wana vyao, milima ina yake. Wachochea moto hawakupewa hata kibao. Sikusema hivyo kwa kulalamika, na babu pia hakulalamika. Lakini ni kweli.

MWISHO WA MVUKE

Injini za dizeli za kuvuta treni kubwa zilianza kufika mwaka wa 1960. Ubora wake haupingiki. Dizeli huwashwa na kuondoka, ilhali boila lililopoa huhitaji saa nyingi kabla ya kupata mvuke wa kutosha. Dizeli haihitaji kunywa maji kila baada ya vituo kadhaa, na haihitaji mtu wa kuosha mirija. Reli ya Afrika Mashariki iligawanywa mwaka wa 1977 Jumuiya ilipovunjika, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 mvuke ulikuwa umekwisha kwenye kazi za kila siku nchini Kenya. Aina ya 24 zilikuwa zimetumika takriban nusu karne. Nyingi ziliuzwa kama vyuma chakavu. Pengine sufuria au nondo fulani nchini ina chuma kilichowahi kupanda Maseno.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 injini chache za makumbusho, ikiwemo 3020, zilitengenezwa na kuwashwa tena, zikavuta treni za watalii. Babu alisikia habari hizo redioni. Swali lake la kwanza halikuwa nani amelipia. Aliuliza, "Waliwapata wapi wa kuchochea?" Maana chuma hukaa miaka mia bila kusahau umbo lake. Lakini yule ajuaye kwamba glasi hudanganya mlimani hakai miaka mia.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tuna babu au jirani aliyefanya kazi relini, bandarini, kiwandani au shambani. Anajua jambo ambalo halijaandikwa popote. Tunampita kama tulivyozipita zile injini ndogo, tukikimbilia picha ya dude kubwa. Nanyi walimu wetu, nawasihi kwa heshima: safari ijayo ya chama ikiwa ni ya makumbusho, tupewe muda wa kutosha, na ikiwezekana tumwalike mzee mmoja atuongoze. Vyuma vinapendeza, lakini havina mdomo.

Mimi nimeahidi kurudi Nairobi. Safari hii sitakimbilia Mount Shengena. Nitazizunguka zile ndogo moja moja, nikisoma namba hadi nione kama kuna inayoanza na 24. Nikiipata nitapigwa picha kando yake, kisha nitakwenda Luanda, nikae upande wa kulia wa babu, na nimjibu kwa sauti kubwa.

Wahenga walisema, uliza ujuzi. Ulizeni mapema, jamani.